Nia Moja kwa Darsa Arobaini na Moja

Katika kopo la maziwa ya unga lililokaa miaka mingi juu ya kabati la maalim wetu wa Muyinga, Mwenyezi Mungu amrehemu, mlikuwamo kadi kumi na saba za kumbukumbu, kila moja sawa na ukucha wa kidole gumba, ambamo wanafunzi wake walikuwa wamekusanya, baadhi kwa kamera ya kuazima na baadhi kwa simu zao, darsa arobaini na moja alizozitoa katika miaka ya mwisho ya uhai wake, na mjane wake aliponikabidhi kopo hilo hakunihutubia wala hakulia, bali alilifunga kifuniko, akalitikisa kidogo ili nisikie kuwa halikuwa tupu, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo sauti yake. Usiipoteze." Neno amana nilikuwa nimelisikia juu ya mimbari tangu utotoni, nami mwenyewe nimelitamka mara nyingi bila ya kulipima, lakini siku ile nililibeba mfukoni, nalo likawa likinilia kila nilipopiga hatua.

Nilichofanya kwanza kilikuwa chema, na cha pili kilikuwa cha haraka. Nilizihamishia darsa zote katika diski moja ya kubebeka, nikazipanga kwa tarehe zake. Kisha, maadamu kadi ni mali na watoto wa jamaa walikuwa wakizililia kwa ajili ya simu zao, nikawagawia zote kumi na saba. Nalitaja tendo hili mapema kwa makusudi, ili msomaji atakapofika mahali pa kumtafuta mwenye taksiri katika habari hii, anikute mimi nimekwisha kusimama mlangoni.

Muyinga ni mji wa kaskazini-mashariki ya Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania, njiani kwa malori yapitayo mpakani Kobero, na ni mji ambao Waislamu na Kiswahili chao wamekaa tangu zamani kati ya majirani wasemao Kirundi. Waliokuwa wakiingojea sauti ya maalim hawakuwa watu wa namna moja, wala vyombo vyao havikuwa vya namna moja. Walikuwapo wenye televisheni ya kuchomeka flashi, ambao wangekusanyika sebuleni baada ya isha wamwone maalim kwa ukubwa wake. Walikuwapo vijana wenye simu ndogo, ambao faili nzito kwao ni kama kitanda kisichopita mlangoni. Na walikuwapo wazee na wakulima, wenye redio za kuingiza kadi, ambao husikiliza shambani hali jembe liko mkononi, na ambao picha kwao si hasara wala faida. Kwa hivyo kila darsa ilipaswa izaliwe mara tatu: kubwa ya kutazamwa, ndogo ya kubebwa, na sauti tupu ya kusikilizwa. Arobaini na moja mara tatu ni mia na ishirini na tatu, nami sikuwa na ujuzi wa kuzalisha hata moja.

Nikapanda gari kwenda Gitega kwa njia ya Karuzi. Mji huo, ambao Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao mwaka 1912, na ambao sasa ndio mji mkuu wa kisiasa wa nchi, una vijana wanaojipatia riziki kwa kupiga video za arusi na kuzihariri. Na mmoja wao, Mkatoliki aimbaye katika kwaya, alinipokea katika chumba chenye kompyuta mbili na feni moja. Nilipomwonyesha orodha yangu, niliyoiandika kwa mkono mstari kwa mstari hata mia na ishirini na tatu, alicheka kwa adabu. "Mzee," akasema, "tukianza kubofya moja moja, Pasaka itatukuta hapa. Tuiambie mara moja tu, kisha twende tukalale."

Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala pambo, akaandika mistari isiyozidi kumi, ambayo aliponifasiria niliona ina sarufi nyepesi kama ya wasia: kwa kila faili iliyomo katika folda hii, iwayo yote, ifungue, itolee sura tatu kwa vipimo hivi, zipe jina la mama yao na kila moja alama yake, ziweke mahali pake, andika katika daftari kama kazi imefaulu au haikufaulu, kisha shika inayofuata, mpaka zitakapokwisha. Mtumishi mwenyewe wa kazi hiyo ni programu iitwayo FFmpeg, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo hupatikana bure, na ambayo imejificha ndani ya programu nyingine nyingi zitumiwazo na watu wasiolijua jina lake. Mwisho kijana aliongeza amri mbili za kubana matumizi. Ya kwanza ilisema kwamba, kwa kuwa msemaji ni mmoja na hahitaji njia mbili za sauti, ichukuliwe njia ya kushoto peke yake. Ya pili ilisema kwamba, kwa kuwa diski ilikuwa karibu kujaa, kila darsa ikishazaa sura zake tatu, asili yake ifutwe. Aliniuliza kama naridhia. Nami, kwa kuona haya ya kuonekana sikufahamu, nikaitikia kwa kichwa.

Kabla ya kuusimulia usiku ule yafaa nieleze ni nini hasa hutendeka video inapogeuzwa kutoka sura moja kuingia nyingine, kwani watu hudhani ni kama kumimina maji kutoka mtungi kuingia gudulia, ambapo chombo hubadilika na maji yakabaki yaleyale, ilhali sivyo. Video yenye nukta 1920 kwa 1080 na picha 25 kwa kila sekunde, lau ingaliandikwa nukta kwa nukta na rangi kwa rangi, saa moja yake ingalijaza gigabaiti 560 hivi; na picha ya faili ile ndogo ya simu, kwa kipimo cha kilobiti 500 kwa sekunde, haizidi megabaiti 225 kwa saa hiyohiyo. Kilichoachwa nje ni kingi mno kuliko kilichobaki, nacho kimeachwa kwa hekima. Hekima moja ni ya kutorudia maneno: ukuta ulio nyuma ya maalim haukusogea tangu mwanzo wa darsa hata mwisho, basi huandikwa mara chache, na baina ya mara hizo huandikwa kilichobadilika tu, mkono ulioinuka, ukurasa uliofunuliwa, mdomo uliofumbuka. Hekima ya pili ni ya kuujua udhaifu wa jicho la mwanadamu. Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, pamoja na wenzake Natarajan na Rao, walitangaza mwaka 1974 hesabu ya kuitenga picha kuwa mawimbi, mapana mbali na membamba mbali, ili yale mapana yashikwe na yale membamba, ambayo jicho huyapita bila ya kuyaona, yapunguzwe au yatupwe. Na hesabu hiyo, yenyewe au kwa vizazi vyake, imo katika video nyingi tuzitazamazo leo. Rangi nazo hupunguzwa kuliko mwanga, kwa sababu jicho husamehe kosa la rangi upesi kuliko kosa la mwanga.

Basi kugeuza ni kuhukumu. Kila video inapobanwa, hutolewa hukumu juu ya kilicho na maana na kisicho na maana, na hukumu hiyo hutolewa maelfu ya mara kwa kila dakika bila ya mtu kuitamka. Katika namna aliyoitumia kijana, kipimo cha ubora huanzia 0 kikaishia 51, na asiyetaja lake hupewa 23. Na hiyo 23 ni rai ya mtu asiyewahi kufika Muyinga, juu ya mikunjo gani katika uso wa maalim wetu haina haja ya kutazamwa. Sisemi kuwa rai hiyo ni mbaya, kwani aghalabu ni nzuri. Nasema ni rai, na mwenye kuinyamazia ameifanya kuwa yake.

Kijana alijaribu kwanza, kama afanyavyo fundi mwaminifu, kwa darsa moja iliyopigwa kwa simu, ikatoka safi, picha na sauti; akatoa amri, akafunga mlango, mimi nikaenda kulala kwa jamaa zangu. Saa nane za usiku umeme ukakatika. Asubuhi tulikuta darsa tisa zimekwisha, ya kumi imeishia katikati, na mashine imezima. Tukalaumu giza kama walaumuvyo watu wote. Umeme uliporudi karibu na adhuhuri, naye alikuwa tayari kuiendesha amri kuanzia pale ilipokomea, nikamwomba anionyeshe kwanza moja katika zile tisa, si kwa busara, bali kwa shauku tu ya kumwona mtu niliyemkosa.

Akaifungua. Maalim alikuwa ameketi juu ya mkeka, kitabu kimo mapajani, kofia imelala kidogo upande wa kulia kama desturi yake, na midomo yake ilikuwa ikienda. Lakini sauti haikuwapo. Kijana akaongeza sauti ya kompyuta mpaka mwisho, tukasikia mvumo wa spika zenyewe. Akafungua ya pili, ikawa vivyo hivyo. Akafungua ya tatu, vivyo hivyo. Kisha akafungua faili ya sauti tupu, ile ya wakulima, na juu ya kioo ukatokea mstari ulionyooka bila kilima wala bonde, dakika hamsini na mbili za kimya kilichohifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Kamera ya kuazima, iliyozipiga darsa zile za mwanzo, ilikuwa imechomekwa kipaza sauti kinachoandika upande wa kulia peke yake, na upande wa kushoto haukuwa na kitu. Simu zilizopiga darsa nyingine, ikiwamo ile ya majaribio, zilikuwa zikiandika pande zote mbili. Mashine iliambiwa ichukue kushoto, ikachukua kushoto. Iliambiwa ifute asili, ikafuta. Na daftari lake liliandika neno la kufaulu mara ishirini na saba. Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema wahenga; ya kwetu ilipotea daftari likiwapo, na habari zake zikiwa njema.

Tulijaribu programu ya kufufua faili zilizofutwa, lakini mahali pao palikuwa pamekwisha kuandikwa vitu vingine. Tulichokipata ni vipande vya arusi za watu tusiowajua, bibi arusi mmoja akikata keki, akatoweka. Kijana akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kompyuta imekosea, mzee," akasema, kisha, kabla sijajibu, akajisahihisha mwenyewe kwa sauti ya chini, "La, haikukosea."

Hapo ndipo lilipo swali ambalo limenishughulisha tangu siku hiyo. Tendo lililotendwa saa saba za usiku, hali mimi nimelala na yeye amelala, lilikuwa tendo la nani? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kuwajadili wanafalsafa, alishikilia kwamba hastahili kuitwa mtenda kwa hakika ila mwenye kujua na kutaka na kuchagua, na akatoa mfano wa mtu amtupaye mwenzake motoni akafa: watu wote, wajinga na wenye elimu, humwita muuaji yule aliyemtupa, wala hapana amwitaye muuaji moto, ijapokuwa ni moto ulioichoma nyama yake. Mfano huo umeishi zaidi ya miaka mia tisa, nao umefika mpaka chumba cha kijana wa Gitega bila ya kupungua nguvu. FFmpeg ni moto. Huchoma kilichowekwa mbele yake, kwa kadiri iliyoamriwa, na haina kitu cha kujutia. Aliyetupa ni yule aliyeandika, na pamoja naye ni yule aliyeitikia kwa kichwa ili asionekane mjinga, na aliyegawa kadi kwa watoto kabla ya amana kutulia.

Lakini hilo ni jepesi, na mtu aweza kulikubali akaenda zake akidhani amekwisha. Gumu ni hili: kama tendo ni letu, je, lilikuwa tendo moja au matendo ishirini na saba? Tuliweka nia mara moja. Je, nia moja hutosha kazi nyingi, na hutosha kwa masharti gani? Wanazuoni wa Kiislamu wamelikabili swali hili zamani, si katika habari za mashine, bali katika habari za saumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki huyafuata, mwenye kufunga Ramadhani hutakiwa aweke nia kila usiku, kwa sababu kila siku ni ibada iliyosimama kwa miguu yake, na kuharibika kwa siku moja hakuiharibu nyingine. Katika madhehebu ya Imamu Malik, nia moja mwanzoni mwa mwezi yaweza kutosha mwezi mzima, kwa sababu mfululizo umezifunga siku zile pamoja zikawa mithili ya ibada moja. Ila mfululizo huo ukikatwa, kwa maradhi au kwa safari, nia haina budi kurejewa upya.

Naona katika hitilafu hii ya hekima mizani kamili ya kazi ziendeshwazo zenyewe. Mtu aandikaye amri moja kwa faili arobaini na moja ni Maliki bila ya kujijua: amechukulia kuwa zote ni mwezi mmoja. Huenda amesibu. Lakini kuwamo katika folda moja si ushahidi wa udugu, kama vile kuwamo katika gari moja la Karuzi si ushahidi wa safari moja; na darsa zetu, ambazo mimi niliziita arobaini na moja kwa pumzi moja, zilikuwa koo mbili zisizofanana, ukoo wa kamera na ukoo wa simu, na nia iliyowekwa kwa kuutazama ukoo mmoja ikapitishwa juu ya mwingine. Kisha mfululizo ulipokatwa usiku, tulikuwa karibu kuendelea na nia ya jana. Sitaki kusema kwamba Mwenyezi Mungu alikata umeme wa mji mzima kwa ajili ya darsa zetu, kwani katika mji huo huo usiku ule huenda wako waliodhurika kwa giza. Nasema tu kwamba pale mfululizo ulipokatwa ndipo ilipowajibika kutazama tena, na kwamba, pasipo giza, zile za kamera zilizokuwa zimesalia nazo zingalifuata njia ya wenzao.

Kijana alinisikiliza nikiyasema haya, kisha akanijibu kwa hoja ya dini yake, nami nikaiona hoja yenye uzito. Alisema katika Rozari Salamu Maria husaliwa mara hamsini na tatu, na punje hupita katika vidole moja moja. Lau angaliirekodi sala moja akaiamuru kompyuta iirudie mara hamsini na tatu, hapana padre wala mtoto wa katekisimu ambaye angesema kuwa Rozari imesaliwa. Nikamwambia kuwa tasbihi zetu, za thelathini na tatu tatu, nazo hivyo hivyo. Basi akauliza: "Kama kurudia kwa mashine si sala, mbona tunaona kuwa ni kazi?"

Jibu nililolipata, baada ya kulifikiri katika njia nzima ya kurudi, ni kwamba yako marudio ambayo tunda lake liko nje ya mtenda, na yako marudio ambayo tunda lake ni mtenda mwenyewe. Asaliye Rozari hatafuti Salamu hamsini na tatu ziwekwe ghalani. Anatafuta awe yeye mtu aliyekuwapo mara hamsini na tatu. Akamilishaye nakala za darsa, kinyume chake, anatafuta nakala. Mkulima wa Muyinga hapungukiwi na kitu kwa kuwa faili iliyomo redioni mwake ilizaliwa watu wamelala. Kwa hivyo mashine ina ruhusa kamili katika kazi za namna ya pili na haina mlango katika za namna ya kwanza, na msiba huanza pale mtu asipojua ni ipi aliyo nayo mkononi. Kugeuza darsa ni ya pili. Kuitazama darsa moja mpaka mwisho, kwa macho na masikio, kabla ya kusema kuwa amana imefika, ni ya kwanza. Na hiyo ndiyo tuliyoitupia mashine pamoja na nyingine, tukaiachia iandike neno la kufaulu kwa niaba yetu.

Dini haikukataa kamwe kwamba tendo liendelee hali mtenda wake hayupo. Twafundishwa kuwa mwanadamu akifa matendo yake hukatika illa kwa mambo matatu, na la kwanza katika hayo ni sadaka yenye kuendelea, kama kisima kinachonywesha watu wakati mchimbaji amelala kaburini. Twafundishwa pia kuwa aanzishaye mwenendo mwema ana ujira wake na mfano wa ujira wa wenye kuufuata, na aanzishaye mwenendo mbaya vivyo hivyo katika mizigo. Hesabu huzidishwa kwa pande zote mbili, na mwenye kufurahia kuzidishiwa mema hana haki ya kuomba kuwa mabaya yahesabiwe moja moja. Lakini tazama jinsi sheria ilivyolitunza jambo hili: mtu akiweka nyumba au shamba wakfu, hutajwa pia msimamizi; mwenye kuweka wakfu aweza kughibu, aweza kufa, ila wakfu usio na msimamizi huishia kuwa gofu lenye jina zuri. Amri inayojiendesha usiku ni wakfu mdogo wa masaa machache. Hapana ubaya kuiweka na kwenda kulala. Ubaya ni kuiweka bila ya msimamizi, na kumpa daftari lake cheo cha shahidi ilhali ni mshitakiwa.

Na je, kile kidogo kinachotoka ni kile kile kilichoingia? Mapokeo yasema kuwa Khalifa Uthman, alipoagiza Kurani inakiliwe na nakala zipelekwe katika miji mikuu, hakuipeleka karatasi peke yake, bali alifuatanisha nayo msomaji, kwa sababu maandishi ya zama zile yalikuwa na nukta na alama chache, na sauti iliyoachwa nje ya karatasi ilisafiri ndani ya kifua cha mtu. Hiyo naiona ni kanuni njema kwa kila nakala: kilichoachwa nje na chombo kipate mtu wa kukibeba. Karibu na Gitega kiko kilima cha Gishora, penye ngoma za kifalme ambazo mchezo wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nimezisikia pale kilimani zikitetemesha kifua kabla ya kufika masikioni, na nimezisikia tena katika simu ya abiria mwenzangu, zikilia kama debe, kwa sababu spika ya ukubwa wa punje ya harage haina pa kuuweka mshindo mzito. Abiria yule, hata hivyo, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Yeye alikuwa amekwisha kufika Gishora, na simu ilimkumbusha. Mimi nilimtazama nikafahamu kuwa nusu ya ngoma ile ilikuwa ikitoka katika simu, na nusu ikitoka kwake.

Tulianza tena kwa diski ya pili, niliyoinunua kwa faranga nilizokuwa nimeweka kwa jambo jingine, ili asili isiguswe. Kijana alizitenga darsa thelathini na mbili zilizosalia katika folda mbili, za kamera mbali na za simu mbali, akaandika amri mbili. Akasikiliza mwanzo na mwisho wa kila darsa kwa sikio la kushoto na la kulia. Na kabla ya kuziendesha alipiga ishara ya msalaba nami nikapiga bismillahi, kila mmoja wetu akijifanya hakumwona mwenziwe. Zilitoka salama. Katika zile tisa, tatu ziliokotwa katika simu za watu, zimetumwa mkono kwa mkono mpaka uso wa maalim umekuwa kama uso unaotazamwa kupitia kioo chenye mvua. Lakini sauti ilikuwamo, na tangu hapo nimeacha kuidharau nakala mbovu. Sita zilibaki bubu.

Nilizipeleka zote Muyinga, na kwa mjane nilieleza kila kitu, pamoja na habari ya kadi nilizozigawa. Hakunikemea. Alisema anataka kuziona zile bubu kwanza. Wanafunzi wa zamani walikuja baada ya isha, wanaume upande huu na wanawake upande ule, flashi ikachomekwa katika televisheni, na maalim akatokea, kofia imelala upande wa kulia, akaanza kusomesha bila ya sauti.

Dakika chache zikapita watu wakiwa wameinamisha vichwa. Kisha mjane akasema, "Hapo ataomba maji." Maalim akageuza uso pembeni, midomo ikaenda kidogo, na mkono wa mtu asiyeonekana ukaingia katika picha na bilauri. Hapo sebule ikaamka. Mmoja akasema ameijua darsa hii kwa ule ukurasa, ni ile ya haki za jirani, akaanza kuyataja maneno ya maalim jinsi alivyoyakumbuka. Mwanamke mmoja akamkatiza, akasema siyo, haki za jirani alizisomesha wiki iliyofuata, hii ni ya mali ya yatima, naye mwenyewe alikuwapo, ameketi karibu na dirisha. Wa tatu akamkumbusha wa kwanza neno alilolisahau. Na ubishi ukapanda, maneno ya maalim yakawa yakitoka katika vinywa vitatu, yakipishana na kusahihishana, wakati yeye mwenyewe juu ya kioo alikuwa akiinua kidole kama awanyamazishaye watoto.

Mjane hakuyaondoa macho yake kwenye televisheni. "Nyamazeni," akasema, "mwacheni amalize."

Tukanyamaza, tukamwacha akamaliza.